Maisha Yote ya Injini

Kijitabu cha waranti hakifai kuhifadhiwa ndani ya gari. Kiweke nyumbani, kabatini, chini ya vyeti vya ubatizo na hati ya kiwanja, mahali ambapo gari haliwezi kukifikia. Langu lililala nacho kwenye droo ya dashibodi tangu nilipolinunua, na nina hakika lilikisoma lote, pamoja na maandishi madogo, maana tarehe ilipopita, kabla mwezi haujageuka, injini ikafa.

Masharti yalikuwa yale tunayoyajua wote: miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Siku ya kununua, muuzaji alizitamka hizo kilomita laki moja kwa ukarimu wa mtu anayegawa mashamba ya urithi. Lakini kwa mkazi wa Kigali laki moja ni hadithi. Kutoka hapa hadi Rubavu, kwenye Ziwa Kivu, ni kilomita 150 na ushei. Ili nizimalize ndani ya muda, ingenipasa kwenda kuogelea Kivu na kurudi zaidi ya mara mia tatu. Sisi hutoka Remera kwenda mjini, tukarudi Remera, Jumapili tukapita kwa wakwe Kicukiro. Kilomita zinatembea, kalenda inakimbia, tena haikwami kwenye foleni.

Basi asubuhi hiyo napanda mlima kutoka Kinamba kwenda Kacyiru. Milima ya Kigali haina mzaha: gia ya pili, mguu umekandamiza, injini inalalamika. Yangu ililalamika kidogo, ikagonga kitu mara mbili tatu ndani kwa ndani, kisha ikanyamaza. Taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja, hata zile ambazo sikujua zipo. Usukani ukawa mzito. Breki nayo ikaanza kukaza, kwa sababu kinachoilainisha breki ni injini hiyo hiyo iliyokuwa imekwisha aga dunia. Nikavuta hendibreki, nikatoka na kiakisi changu cha pembetatu.

Dar es Salaam gari likizimika barabarani hupati nafasi ya kuhuzunika. Ndani ya dakika chache wapo mafundi sita, wanne kati yao wauza maji, na boneti limefunguliwa bila ruhusa yako. Kigali ni mji wa adabu. Watu walipita wakaniambia “Ihangane,” yaani pole, wakaendelea na safari zao, na boneti likabaki limefungwa kwa heshima. Akaja askari wa usalama barabarani, akapiga saluti, akanisalimu, kisha akainama kutazama chini ya gari. Nikadhani anatafuta ugonjwa. Alikuwa anaangalia kama oili inadondoka kwenye lami. Alipoona lami iko salama, uso wake ukapata faraja. Mimi nikapewa pole za wastani.

Nikampigia shemeji aliyeko Tabata, Dar es Salaam. Shemeji hajawahi kuwa fundi, lakini hajawahi kukosa jibu.

“Hiyo ni plagi tu, shemeji.”

“Imegonga kabla ya kuzima.”

“Plagi hugonga.”

“Haiwaki kabisa.”

“Si nimekwambia? Plagi! Na nilikwambia tangu mwanzo, chukua gari la Japani, spea zake zimejaa Kariakoo.”

Nikamkumbusha kwamba Rwanda tunaendesha upande wa kulia wa barabara, usukani uko kushoto, na gari la Japani lina usukani kulia. Akasema hiyo nayo ni plagi.

Gari likafungwa kamba likavutwa mpaka kwa waliokuwa wameniuzia. Mimi nilifuata nyuma kwa pikipiki, moja ya hizi za umeme zilizoanza kuonekana mjini mwaka 2019. Njia nzima yule motari alinieleza, bila kuulizwa, kwamba chombo chake hakina pistoni, hakina valvu, hakina oili. Betri ikiisha anapita kituoni, anaacha hiyo, anachukua nyingine, kwaheri. Nilikuwa nimevaa helmeti. Nashukuru haikuonyesha uso wangu.

Enzi za waranti, mapokezi pale walinijua kwa jina. Kulikuwa na kahawa ya Huye, kiti laini na gazeti. Safari hii kijana wa mapokezi aliandika namba ya gari, akatazama kompyuta, akanitazama mimi, na kahawa haikutajwa. Baada ya uchunguzi niliitwa ofisini.

Hapa msomaji aniruhusu nieleze kidogo, kwa sababu elimu hii nimeilipia. Ndani ya injini kuna mnyororo wa taimingi. Unaunganisha krankshafti, inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, inayofungua na kufunga valvu. Kazi yake ni ratiba: pistoni inapopanda juu, valvu iwe imekwisha ondoka njiani. Kuna kidude kidogo kinachoukaza, kikisukumwa na presha ya oili. Kidude kikichoka, mnyororo unalegea, unatatarika asubuhi injini ikiwa baridi, na siku moja unaruka meno au kukatika. Ratiba ikivurugika, pistoni inapanda ikakuta valvu bado ipo. Pistoni haijui kubisha hodi.

Magari mengine hutumia mkanda badala ya mnyororo, nao hubadilishwa kwa ratiba, mengi yakifika kama kilomita laki moja. Mnyororo haubadilishwi. Kitabu changu kilisema wazi kwamba utadumu maisha yote ya injini. Na kwa kweli hakikudanganya: vilikufa siku moja.

Lakini mimi nilikuwa na karatasi. Nilipofanya sevisi ya mwisho, waranti ikiwa hai na kahawa ikiwa moto, niliwaambia kuna mtatariko asubuhi, na wao wenyewe wakaandika kwenye fomu: sauti ya kawaida. Nikaitoa ile fomu nikailaza mezani.

“Ni kweli,” akasema msimamizi, mtu mpole sana. “Mnyororo ulikuwa umelegea kwa muda mrefu.”

“Kwa hiyo ulilegea waranti ikiwepo.”

“Kulegea, ndiyo. Lakini kukatika kumetokea baada ya waranti.”

“Kulegea ndiko kulikoleta kukatika.”

“Mzee, tunakuelewa kabisa. Ila waranti inashughulikia hitilafu. Wakati unalegea haikuwa hitilafu, ilikuwa sauti. Imekuwa hitilafu sasa.”

Nikaona nabishana na mtu aliyesomea falsafa. Akanipa makadirio ya injini mpya, na nilipoyasoma nikaelewa kwa nini kahawa walikuwa wameiondoa: ingemwagika. Jirani yangu mwanasheria alinikumbusha kwamba Rwanda ina sheria ya mwaka 2012 ya kulinda walaji, na kwamba kwa fomu ile kesi ninayo. Nikamuuliza gharama za wakili. Aliponitajia, nikamuuliza kama naye ana waranti.

Ugomvi huu, hata hivyo, si wa leo. Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala katika karne ya 18 kabla ya Kristo, alichongesha sheria zake juu ya jiwe jeusi ambalo sasa limesimama katika makumbusho ya Louvre, Paris. Sheria ya 235 inamhusu fundi wa mashua: akikalafati chombo ovyo, na chombo kikaonyesha ubovu ndani ya mwaka ule ule, atakifumua na kukiimarisha kwa mali yake mwenyewe. Waranti ya mwaka mmoja, imechongwa jiweni. Wataalamu wanaisifu sana. Mimi namfikiria yule nahodha wa mto Frati ambaye mashua yake ilianza kuvuja mwezi wa 13, akimpelekea fundi malalamiko, na fundi akimjibu kwamba kulowa kulikuwa ndani ya mwaka lakini kuzama kumetokea nje.

Na wapo waliojua kupanga. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya taa za umeme yaliunda umoja wao huko Geneva, wakauita Phoebus, wakakubaliana balbu idumu saa 1,000 na isizidi. Kiwanda ambacho balbu zake zilikawia kufa kilitozwa faini. Sisemi waliounda gari langu walikutana Geneva. Nasema tu kwamba lile gari lilijua tarehe kuliko mimi, na mimi ndiye ninayelipa bima.

Likavutwa tena, sasa kuelekea Gatsata. Mjini Kigali, gari likishindikana kwenye vigae vyeupe, linashushwa bondeni, unapita Nyabugogo, unaingia Gatsata, kwenye maduka ya spea na gereji. Huko nilielekezwa kwa fundi mmoja mwenye mvi, mzaliwa wa Bukavu. Hakufungua kompyuta. Alifungua boneti, akazungusha krankshafti kwa spana, akasikiliza.

“Papa, haiko leo moteri ilikufa,” akasema. “Ilianzaka kufa zamani, weye ndo hukujuwa.”

“Nilijua. Niliambiwa ni sauti ya kawaida.”

“Sauti iko kawaida,” akakubali. “Kila mwenye kukufa anapigaka kelele.”

Akashusha silinda hedi, akanikabidhi valvu zilizopinda. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, kwa hiyo nikaondoka Gatsata na valvu zangu ndani ya mfuko wa karatasi kama mtu aliyenunua karanga. Hedi ilipelekwa kusagwa ili iwe sawa. Valvu mpya, mnyororo na kile kidude vikaagizwa Kampala, vije na basi la usiku kupitia Gatuna. Mpaka ule ulifungwa mwaka 2019, ukaja kufunguliwa mwisho wa Januari 2022. Nilimshukuru Mungu kwamba angalau mambo ya mipaka gari langu halikuyasoma.

Kazi ilipangwa kuisha Jumamosi. Nikafika asubuhi nikakuta Gatsata yote imefunga. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi: umuganda. Mpaka saa tano asubuhi hakuna anayefungua duka, kila mtu yuko na mtaa wake akifyeka na kuzibua mitaro. Nami nikapewa jembe. Nilifyeka nyasi za mtaa usio wangu kwa bidii ambayo kiongozi wa umudugudu aliisifu mbele ya watu. Hakujua kila kisiki nilikuwa nakipa cheo: huyu mapokezi, huyu msimamizi, huyu shemeji.

Saa tano ikapita, fundi akaja, akafunga boneti, injini ikawaka mara moja, bila mtatariko. Bei ilikuwa sehemu ndogo mno ya yale makadirio. Nikalipa kwa simu. Lakini mtu aliyeumwa na nyoka, akiona ung’ongo hushtuka, kwa hiyo nikauliza:

“Na garanti?”

Akacheka. “Garanti? Niko hapa. Siku inasumbua, unakuya.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka nikufe.”

Hakuna karatasi, hakuna kilomita, hakuna kitakachotangulia. Ni waranti bora kuliko zote nilizowahi kupata, na ina sharti moja tu. Kwa sababu hiyo nampigia simu kila wiki. Namuuliza kama amelala vizuri. Nimempeleka kupimwa presha, nikamlipia mimi. Nimemwomba apunguze chumvi kwenye brosheti, na nikisikia amepanda pikipiki wakati wa mvua namgombeza. Mke wangu anasema hata baba yangu mzazi sikuwahi kumtunza hivi. Wiki iliyopita alikohoa kwenye simu. Nikamuuliza kwa woga kama ni jambo la kuhofia.

“Hapana, papa,” akaniambia. “Ni sauti ya kawaida.”

Kesho asubuhi nampeleka hospitali.