Hotuba ya Profesa wa Kujiteua Kuhusu Ugawaji wa Diski

Mgeni rasmi, ambaye hukufika. Waheshimiwa wenye kompyuta kuukuu. Nanyi mliovutwa na harufu ya pilau: najitambulisha mwenyewe, maana hayupo wa hadhi ya kunitambulisha. Mimi ndimi Profesa, Daktari, Bingwa wa Kugawa Diski. Shahada zote nimejitunuku, baada ya kujihoji kwa ukali usio na huruma.

Tangu 1983, IBM ilipoleta PC XT yenye diski ya megabaiti 10, hatima ya diski nzima imo katika sekta yake ya kwanza. Baiti 512! Humo 446 ni za programu ya kuwashia, 64 za jedwali la patisheni, mbili za mwisho ni muhuri. Patisheni moja hula baiti 16. Gawanya, kama ulisoma: nne. Walipolilia ya tano, wakaruhusiwa kuigeuza moja kuwa patisheni panuzi na kujaza nyingine ndani yake, kama vyumba vya kupangisha Manzese. Sikuafiki. Hawakuniuliza, lakini sikuafiki.

Sasa wenye kalamu waandike. Atakaye Windows 98 na Linux katika mashine moja aanze na Windows. Ikija ya pili, hufuta programu ya kuwashia bila hodi, na Linux yako itabaki diskini, nzima, isiyofikika. Kisha weka LILO, ambayo hutaja jina lake herufi moja moja kadiri inavyoamka. Ikikwama kwenye “LI”, hatua ya pili imepakiwa ila imegoma kwenda. Wengine huona hitilafu hapo. Mimi naona ufupi wa maneno ambao wanasiasa wangeuiga. Na kerneli ikae ndani ya silinda 1024 za mwanzo, kwa kuwa BIOS kongwe haifiki mbali zaidi.

Kuhusu FDISK: kabla ya kufuta patisheni ya DOS, itakutaka uandike jina lake. Ukilipatia na kukubali, basi. Rambirambi ziende kwa wenye picha za harusi.

Naona mkono. Unasema GPT kwa kawaida huruhusu patisheni 128, na diski ya zaidi ya terabaiti 2? Kijana, katika diski yangu ya gigabaiti 4 hizo 128 utazilaza wapi? Keti. Swali lijalo litoke kwa mtu aliyekuja na flopi.