Jinsi ya Kumnyima Wakili Ulaji

Wakili wa biashara hali vizuri mahali ambapo duka linaendeshwa sawasawa. Hushiba pale mwenye duka anapojifanyia uwakili mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito na selotepu. Mwongozo huu ni wa mwenye duka la rejareja nchini Kenya anayetaka wakili wake alale njaa. Nimeuandika nikiwa nyuma ya kaunta ya pasi, blenda na majiko ya umeme hapa Mombasa, na ninataka ufuatwe.

Anza na ile karatasi ya ukutani. Unaijua: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Wafanyabiashara tunaiamini kama hirizi. Yetu ilikaa juu ya droo ya pesa, pembe moja imejikunja kwa joto.

Siku moja aliingia mama mmoja na pasi ameifunga kwenye leso. Akaifungua pale kaunta polepole, kama anayemfunua mtoto aliyelala. Waya ulikuwa umeyeyukia shingoni mwa pasi, plastiki imegeuka nyeusi, na harufu ya kuungua bado ilikuwepo. Alikuwa ameinunua juzi yake. Kijana wetu wa mauzo hakutamka neno, alinyoosha tu kidole kwenye karatasi. Mama akaisoma, akanigeukia: "Mwanangu, hii karatasi ndiyo itakayonipigia nguo pasi?"

Nikampa pasi nyingine. Jioni nikampigia wakili, na nusu saa ile ilinifaa kuliko mwaka mzima wa kubishana na wateja. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humwekea muuzaji wa aina yetu sharti lisiloandikwa kwenye risiti yoyote: kitu kiwe na ubora wa kuuzika, na kama mteja amekueleza anakitakia kazi gani akategemea ujuzi wako, basi kiifae kazi hiyo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ikapigilia msumari: maneno yoyote yanayojaribu kuliondoa sharti hilo ni batili. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo inamkataza muuzaji kumpotosha mteja kuhusu dhamana na haki zake. Juu ya zote iko Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 46 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa na fidia akipata hasara. Karatasi ile haikulindi hata kidogo. Mteja akiipiga picha kwa simu, umemtayarishia ushahidi kwa mkono wako mwenyewe.

Ibandue leo. Nyingine uiandike ukijua kwamba mteja aliyechoka na rangi ya blenda si sawa na mteja aliyeuziwa blenda mbovu. Huyo wa kwanza, akiwa amejinunulia mwenyewe hapo dukani, sheria haikulazimishi kumrudishia pesa. Ukitaka kumpa siku saba, ni ukarimu wako, uuandike na masharti yake. Wa pili usimguse kwa karatasi.

Kisha chomeka. Ndiyo, kila kitu chenye waya kichomeke kwenye soketi mteja akiangalia, hata kama foleni imefika mlangoni na anasema ana haraka ya kuwahi feri ya Likoni. Sheria hiyohiyo ya Sura ya 31 inasema mnunuzi aliyekikagua kitu hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Andika kwenye risiti namba ya kifaa na neno "kimejaribiwa", naye atie sahihi. Dakika mbili hizo humaliza nusu ya ugomvi wa dukani, na nimeona mara nyingi kasoro ikijitokeza papo hapo, kabla mtu hajapanda matatu na kuteremka tena kwa hasira.

Usijifariji kwamba pasi ni kitu kidogo, hakuna atakayekushtaki. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60, na mdai anaweza kusimama mwenyewe. Mama mwenye leso hahitaji kumlipa mtu. Wewe ndiwe utakayefunga duka asubuhi nzima kwa ajili ya pasi.

Wanaonunua mzigo kwa bei ya kutupa kwa mtu asiye na ankara, nawaomba wasimame hapa. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 haikusubiri uuze. Kuwa nazo tu kwa ajili ya biashara ni kosa. Anayetiwa hatiani mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya mali yenyewe, au vyote viwili. Weka ankara ya kila katoni.

Na wewe unayepeleka achari au sabuni zako supamaketi, mkataba usomwe kabla lori halijapakiwa. Tuliona supamaketi ya Nakumatt ilivyokabidhiwa msimamizi Januari 2018, wagavi wakiwa wanadai mabilioni. Kampuni ilivunjwa na wengi hawakupata chao. Tangu hapo sheria ya ushindani imeongezewa nguvu dhidi ya mnunuzi mkubwa anayechelewesha malipo bila sababu ya haki. Lakini dai la namna hiyo huhitaji karatasi: tarehe ya kulipwa, riba ya kuchelewa, nani abebe hasara ya bidhaa zisizouzika. Hapa ndipo wakili anapostahili pesa zake, na hapa ndipo tunapombania.

Mambo mawili ya harakaharaka. Kusajili jina la biashara hakukupi alama ya biashara. Hiyo inaombwa KIPI, taasisi ya mali za viwandani ya Kenya, hudumu miaka 10 na huhuishwa. Pia acha kuweka mtandaoni picha za wateja wanaotabasamu na maboksi bila kuwaomba ruhusa. Mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini.

Karatasi yetu mpya ina mistari sita. Wakili aliipitia kwa ada ya pasi tatu. Wiki iliyofuata mama wa leso alirudi, safari hii akitaka blenda. Akaisoma karatasi yote, kidole kikifuata mistari, kisha akanisukumia boksi.

"Haya, mwanangu. Chomeka nione."