Kalamu Iliyomaliza Njaa

Wenzetu wengine hupambana na njaa kwa jembe, mbolea na dua ya mvua. Wizara ya Kilimo ya Marekani, mwaka 2006, ilitumia kalamu tu, tena bila kutoka jasho. Katika ripoti yake ya kila mwaka kuhusu chakula majumbani, neno "njaa" liliondolewa. Mama aliyelala bila kula ili watoto wagawane kilichobaki sufuriani hakuwa tena na njaa. Alikuwa na "usalama wa chakula wa kiwango cha chini sana". Cheo hicho kina heshima zake: kinakaa vizuri kwenye jedwali, wala hakingurumi usiku.

Neno lenyewe halikutupwa. Wasemaji wa Kiingereza si watu wa israfu. Walioshiba ndio waliorithishwa neno hilo. Mkurugenzi ana njaa ya mafanikio, mwanasiasa ana njaa ya madaraka, na mchezaji wa mpira hulipwa mamilioni mradi njaa isimwishe. Anayenuna kwa sababu chakula cha mchana kimechelewa ana neno lake rasmi, "hangry", lililoingia katika kamusi ya Oxford mwaka 2018.

Mwaka 2025 wizara ile ile ikakamilisha kazi: ilitangaza kwamba ripoti yenyewe haitaendelea. Utaalamu huu usiishie kwenye chakula. Homa nayo itokomezwe kwa kuvunja vipimajoto, na ukame kwa kuwakataza wakulima kutazama mawingu.