Mhadhara wa Uzinduzi kwa Motari Mpya: Namna ya Kuivisha Pikipiki na Kubaki Uchi

Mabibi na mabwana, waheshimiwa mlioalikwa mkakosa kufika, na ninyi wamotari wapya mlioketi juu ya pikipiki zenu hapa mbele bila hata kuzima injini: salamu. Naomba utulivu. Anayesimama mbele yenu ni Profesa Daktari wa Sayansi ya Kupanda na Kushuka, shahada niliyojitunukia mwenyewe baada ya vyuo vyote vya Goma kuchelewa kunitunuku. Nimejiomba nije kuwafundisha mavazi ya kinga kwa motari anayeanza kazi, na ombi langu nimelikubali bila kusita.

Tuanze na ardhi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava iliyokatiza katikati ya mji hadi ziwa Kivu, ikafunika nyumba, maduka na sehemu ya njia ya ndege. Tarehe 22 Mei 2021 ikamwaga tena, safari hii ikaishia pembezoni, karibu na uwanja wa ndege. Lava ikipoa huwa jiwe jeusi lenye meno, na mitaa mingi tunayopita kila siku ni jiwe hilohilo. Wataalamu wadogo wanahitimisha kwamba jiwe la namna hii likikamata ngozi haliiachi, kwa hiyo motari wa Goma anahitaji kinga kuliko motari wa mji wa lami. Mimi nahitimisha kinyume: njia mbaya inamlazimisha mtu kwenda polepole, na aendaye polepole haanguki. Mkiniambia kwamba kwenye lami ya kwenda Sake hakuna aendaye polepole, nitawajibu kwamba barabara ya Sake haimo katika mtaala wangu.

SURA YA KWANZA: PIKIPIKI KWANZA

Motari mwenye akili huivisha pikipiki kabla ya kujivisha mwenyewe. Boxer au TVS ikitoka dukani, usithubutu kubandua plastiki ya tangi. Ifunge vyuma vya mbele, ili siku ya kuanguka injini isiumie. Ishonee kiti kifuniko cha ngozi bandia, nyuzi nyekundu kwa manjano. Ining'inizie mpira nyuma ya gurudumu, ulioandikwa MUNGU NI MWEMA, maana atakayekuwa nyuma yako siku hiyo anastahili kufarijiwa. Pesa itakayobaki ndiyo ya kumvisha motari. Haitabaki, na hilo linarahisisha sana masomo yetu.

Msicheke, hii ni mantiki. Pikipiki ina mwenyewe. Jioni bosi anaisubiri pamoja na hela yake, na ikirudi na mkwaruzo anauliza. Ina karatasi, ina namba, na bei ya kioo chake kila fundi wa Birere anaijua kwa moyo. Goti lako lina karatasi gani? Nani atalikagua jioni?

SURA YA PILI: KASKE

Kaske, yaani kofia ngumu ya pikipiki, ni vazi rasmi, na mavazi rasmi huvaliwa mbele ya wakubwa. Mkubwa wa motari ni polisi wa barabarani. Ukiwa mbali naye, kaske ikae mahali pake pa asili, yaani kwenye kiwiko. Sijui kiwiko kinacholindwa vizuri kuliko kiwiko cha motari wa Goma. Ukimwona polisi, ipandishe kichwani, mkanda ukining'inia. Ukishampita, ishushe. Mkitaka ushahidi, nendeni kwenye mzunguko wa Tshukudu mkaitazame ile sanamu ya rangi ya dhahabu. Yule bwana yuko na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, mchana na usiku bila kaske, na hajawahi kupata hata donda.

Sasa, kuchagua. Mimi huanza na rangi, kisha bei, kisha tena rangi. Lakini kuna watu wa kupima. Wanasema uivae kaske, ukaze mkanda hadi vidole viwili tu vipite chini ya kidevu, kisha uishike kwa nyuma na uisukume kwenda mbele. Ikichomoka, si saizi yako. Mashavu, wanasema, yabanwe kidogo, na ukigeuza kichwa, kaske igeuke nacho. Nimeijaribu yangu. Nikitazama kushoto, yenyewe inaendelea kutazama mbele. Naona hiyo ni faida: daima mmoja wetu anaangalia barabara.

Watu haohao wana ugomvi kuhusu lile povu jeupe gumu lililo ndani, polistirini. Wanadai ndilo kaske yenyewe, na ganda la nje ni mlinzi wake tu. Kichwa kikigonga, povu hubonyea na kumeza kishindo ili ubongo usikimeze. Kwa kuwa hubonyea mara moja na halirudi, kaske iliyoanguka na mtu hutupwa hata kama rangi bado inang'aa, na kaske ya mitumba isiyojulikana ilikotoka haifai kununuliwa. Mimi povu langu nililing'oa. Linaleta joto, na pale lilipokuwa sasa nahifadhi simu na noti za chenji. Mkanda nao ulikatika kwenye kifungo. Nimefunga fundo kwa kipande cha mpira wa gurudumu, na fundo hilo halijawahi kunisumbua kwa sababu silifungi.

Halafu kuna lebo. Kaske iliyopimwa huwa na lebo iliyoshonwa kwenye mkanda, herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake. Maana yake imepita kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, ambayo kwayo huigongesha kwenye chuma kwa mita 7.5 kwa sekunde. Nimewapigia hesabu, maana hesabu ni fani yangu: ni kilomita 27 kwa saa. Ishirini na saba! Hiyo ni kasi ya motari aliyebeba mama na gunia la makala. Tunatishwa kwa mwendo wa makala? Kwa bahati nzuri sokoni kuna stika yenye herufi hiyohiyo, inabandikwa kwa kidole, haihitaji sindano wala uzi wala kanuni.

Historia kidogo, ili mjue mnasoma kwa msomi. Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence, yule aliyepigana pamoja na Waarabu katika vita vya kwanza vya dunia, alianguka na pikipiki bila kaske, akafa siku chache baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, badala ya kusikitika na kunyamaza kama watu wenye adabu, akaanza kuchunguza vichwa vya wapanda pikipiki. Mwaka 1941 akachapisha alichokiona, na mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawaamuru waendesha pikipiki wake wavae kaske. Watafiti wa karne hii wakajumlisha tafiti nyingi, wakapata kwamba kaske hupunguza vifo kwa asilimia 42 hivi na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Nawauliza kwa sauti ya chuo kikuu: na asilimia zilizobaki? Motari wa Goma hataki kitu cha nusunusu. Anataka kinga yote au asiwe nayo kabisa, na hadi sasa amefanikiwa upande wa pili.

Abiria je? Vukeni mpaka hapo Petite Barrière muingie Gisenyi, Rwanda. Motari wa kule anakupa kaske ya pili kabla hujakaa, na haondoki pale kabla hujaivaa. Huo ni usumbufu ulioje! Mama akivuka kutoka kule na kukaa nyuma ya motari wetu, kichwa ni kilekile, lakini ghafla hakihitaji chochote. Wanaolalamika kwamba kaske ya pamoja inanuka na inaharibu misuko wameambiwa watandike kitambaa chepesi ndani. Dawa rahisi hivyo inatuvunjia kisingizio, kwa hiyo naipinga.

SURA YA TATU: MWILI ULIOBAKI

Koti. Nunueni lile nene la baridi ya Ulaya, mlivae kinyumenyume, zipu mgongoni. Upepo wa asubuhi kutoka ziwani hautapita, nami nakubali kwamba mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari una baridi yake. Lakini kwenye jiwe, nailoni ya koti hilo hupasuka mapema kuliko mwenye nayo. Ngozi nene ndiyo hustahimili kuburuzwa. Ng'ombe wa Masisi amevaa ngozi maisha yake yote na hajawahi kupanda pikipiki. Hapo mtaona jinsi mali inavyogawanywa vibaya hapa duniani.

Glovu. Mtu akianguka hutanguliza viganja, hata asipopenda. Ndiyo maana wanasema glovu iwe na ngozi kwenye kiganja. Mimi nashauri msianguke.

Macho. Vumbi la Goma ni jeusi na lina chenga. Kioo cha kaske kilichojaa mikwaruzo kitupwe, kwa sababu jua la jioni likikipiga humwoni mtoto anayevuka. Changu nimeking'oa pamoja na povu.

Viatu. Wataalamu wadogo wanataka buti inayofunika kifundo, yenye soli isiyoteleza, na suruali ndefu ili bomba la moshi lisikupige chapa kwenye shavu la mguu. Mimi navaa kandambili, vidole vipate hewa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu ni mimi. Anayenisikia naye atavunjika, lakini atavunjika kwa utii.

MASWALI

Nimeruhusu swali moja. Naona mkono wa yule mama anayeuza samaki wa sambaza pale ukingoni.

"Papa Profesa, pikipiki ikivunjika kioo, fundi anapata kingine. Mtoto wangu ni motari. Kichwa chake kikivunjika, kingine nitakipata kwa fundi yupi?"

Mama, asante. Swali lako ni zuri mno, kwa hiyo litajibiwa katika semina ijayo, ambayo tarehe yake bado haijapangwa. Naomba wamotari msiwatazame mama zenu namna hiyo. Mnavuruga nidhamu ya ukumbi. Na wewe kijana wa mwisho, mbona unafunga mkanda wa kaske? Hakuna polisi hapa! Umepimisha vidole viwili? Nani amekufundisha? Ninyi wengine, mbona mnamfuata?

Basi, mhadhara umekwisha. Ada ni faranga elfu tano. Asiye nayo ataacha kaske yake mlangoni kama dhamana, na msinidanganye na zile zisizo na povu. Ninayo moja tayari.