Chai Si Chakula

Ukitaka kujua nani chuoni anaongoza kwa kula chipsi mayai, usihangaike na wanafunzi wa sheria. Njoo maabara kwetu. Kazi yetu ni mafuta: namna mwili unavyoyapokea, unavyoyasafirisha ndani ya damu, unavyoyaweka akiba na unavyoyachoma. Safari ya zege, yaani hizo chipsi mayai, tunaijua yote, tangu linapopita kooni hadi linapojenga makazi ya kudumu kiunoni. Na ikifika saa saba mchana utatukuta wote kwenye kibanda cha mama anayekaanga nje ya geti, Profesa akiwa mbele ya foleni, akimkumbusha mama asimpunje yai.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili, kijana mgeni ambaye alikuwa hajatuzoea, alimuuliza Profesa kwa adabu zote kama ile sahani haipingani na mhadhara wa asubuhi. Profesa alitafuna kwanza. "Mhadhara," akasema, "ulihusu wagonjwa. Nisogezee kachumbari."

Jina la chuo naliacha, kwa kuwa mshahara wangu bado unatoka huko.

Ndani ya maabara tuna rafu ya mafuta ya kulinganishia: alizeti ya Singida, ufuta wa Lindi, mawese ya Kigoma, nazi na samli. Kila chupa imebandikwa karatasi yenye herufi kubwa, SI YA KULIWA, na kila mwisho wa mwezi kiwango kimeshuka. Mawese ndiyo huwahi kuisha, hasa wiki ambazo mtaalamu wetu mzaliwa wa Ujiji anapika nyumbani. Nazi yenyewe ilikufa kifo cha pekee. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kiyoyozi chetu kinajua hali ya hewa moja tu, ya kileleni Kibo. Mhudumu wa usafi akaikuta chupa imeganda nyeupe kama mshumaa, akahukumu kwamba imeharibika, akaitupa kwa nia njema kabisa. Siku hiyo tulikuwa na ratiba ya kupima nazi.

Mayai nayo yana historia yake. Wanafunzi hujifunza kutoa mafuta kwenye kiini cha yai kwa klorofomu na methanoli, mbili kwa moja, njia aliyoiandika Folch na wenzake mwaka 1957 na ambayo hadi leo inatumika dunia nzima. Kwa hiyo huwa tunanunua trei. Mama wa chipsi naye hununua trei. Siku akiishiwa, hutuma mtoto maabara kukopa. Siku tukiishiwa sisi, tunatuma mwanafunzi kibandani. Katika mzunguko huo kuna mayai ambayo chuo kiliyanunua kwa ajili ya sayansi, kisha wanasayansi wakayanunua upya, kwa fedha zao, yakiwa ndani ya chipsi. Mhasibu hajawahi kuuelewa mchoro huo na sisi hatuna haraka ya kumwelewesha.

Kitu cha thamani kuliko vyote maabara ni friji la nyuzi 80 chini ya sifuri, ambamo damu za watu hulala miaka. Usiku mmoja umeme ukakatika. Mlinzi alikuwa na maagizo ya maandishi: umeme ukikatika, mpigie Profesa. Maagizo hayakusema lolote kuhusu vocha. Akatuma ule ujumbe wa bure, "tafadhali nipigie". Profesa akauona saa nane usiku, akakumbuka kwamba shule zinafunguliwa Jumatatu, akajua anaombwa ada, akaigeuza simu kifudifudi na kulala. Mlinzi akatuma mwingine, na mwingine. Bahati ni kwamba friji la aina ile, mlango ukibaki umefungwa, huchukua saa kadhaa kabla joto halijapanda kiasi cha kuharibu, na umeme ukarudi alfajiri. Tangu hapo bajeti ya utafiti ina mstari unaoitwa "mawasiliano ya dharura". Ni vocha ya mlinzi. Kwa maoni yangu ndio mstari pekee wa bajeti ile ambao matumizi yake hayana shaka.

Lakini kichekesho kikubwa kilisubiri tutoke nje ya geti.

Kwetu ni Kwakoa, kata ya wilaya ya Mwanga, kwenye tambarare kavu upande wa mashariki wa milima ya Upare Kaskazini. Juu kule Usangi na Ugweno wana migomba na ukungu; huku chini tuna miiba, mbuzi, vumbi, na tembo wanaovuka kutoka Mkomazi kuja kukagua mahindi. Wakati maabara ilipotaka mahali pa kuwafundishia wanafunzi upimaji wa vijijini, nilipataja. Profesa akafurahi: watu wanatembea sana, wanakula makande, hawana kibanda cha chipsi. Vibali vikatafutwa, mtendaji wa kata akaandikiwa barua, mwenyekiti wa kijiji akatangaza: atakayepimwa mafuta ya damu asile kitu tangu saa mbili usiku hadi atolewe damu asubuhi.

Shida ya kwanza ilikuwa gari. Jeupe la idara lilikuwa gereji, tukapewa jekundu. Anayeijua Afrika Mashariki hapeleki gari jekundu kijijini kuchukua damu. Enzi za ukoloni, watu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliamini kwamba wazimamoto na magari yao mekundu walikuwa wakikamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White alivikusanya visa hivyo akavitolea kitabu mwaka 2000. Hofu ya mumiani haijasoma kitabu hicho, kwa hiyo haijui kwamba imekwishachambuliwa. Tulipofika, bodaboda walikuwa wametutangulia na habari, na bibi mmoja alikuwa amewafungia wajukuu ndani.

Shida ya pili ilikuwa Wapare wenyewe, na hapa natania ndani ya nyumba yangu. Wanasema Mpare huuza ng'ombe ili agharamie kesi ya kuku. Ni uzushi. Ng'ombe huwekwa rehani tu. Sasa sheria za utafiti zinataka kila mtu asome fomu ya ridhaa, au asomewe, kabla ya kutia saini. Kwingine watu husikiliza, hutikisa kichwa, huuliza kalamu iko wapi. Kwakoa, baba mkubwa wangu alivaa miwani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akasoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili, akarudi wa kwanza. Foleni nyuma yake ikakaa chini ya mti. "Hapa pameandikwa naweza kujitoa wakati wowote bila kulazimika kutoa sababu."

"Ndivyo, mzee," Profesa akajibu.

"Nikijitoa, damu yangu mnanirudishia?"

Profesa ana miaka mingi katika kazi hii, na nilimwona akitafuta jibu asilipate. Akaeleza kwamba damu yenyewe ni mililita tano tu, kijiko kimoja cha chai. Baba mkubwa akasema yeye hakuuliza kipimo, aliuliza umiliki. Mwishowe wakakubaliana: angetoa damu, angepewa majibu, na juu ya hayo angeandikiwa stakabadhi. Nikaiandika mimi kwa mkono, "Imepokelewa damu, kijiko kimoja," tarehe na saini. Akaikunja akaiweka pamoja na hati ya shamba. Waliokuwa nyuma yake, bila shaka, nao wakataka stakabadhi.

Kisha ikaja zamu ya maswali.

"Umekula chochote tangu jana saa mbili usiku?"

"Sijala."

"Hata chai?"

"Chai nimekunywa. Chai si chakula."

Ilikuwa ya maziwa, mazito, sukari haikuhesabiwa. Tulipouliza kama ilikuwa chai kavu, ikajulikana kulikuwa na makande ya jana, kidogo, ya kuisindikiza, maana hakuna mtu mwenye akili timamu anayekunywa chai peke yake. Foleni nzima ilikuwa imefunga kwa namna hiyo hiyo. Hakuna aliyedanganya. Muulize Mtanzania yeyote aliyemaliza chapati mbili na kikombe saa tatu asubuhi. Atakwambia bado hajala.

Tukaziweka damu kwenye mashine ya kuzungushia, jenereta ikanguruma, mbuzi wakakimbia. Kwa kawaida, damu ya mtu aliyefunga ikizungushwa, chembe nyekundu hushuka chini na juu hubaki maji ya rangi ya manjano, angavu. Yetu yalitoka meupe. Kichupa baada ya kichupa, maziwa matupu. Maelezo yake hayana uchawi: mafuta ya chakula yakishanyonywa na utumbo hufungwa kwenye vifurushi vidogo viitwavyo kilomikroni, na vikijaa kwenye damu huifanya ichafuke rangi. Vinachukua saa nyingi kupungua. Lakini chai ya maziwa peke yake haiwezi kufanya kazi kubwa vile, na Profesa akaanza kushuku vichupa, kisha jenereta, kisha mwanafunzi wa uzamili.

Ni dereva aliyefumbua fumbo. "Prof," akasema, "na yule mbuzi wa jana?"

Usiku uliotangulia, kwa heshima ya wageni kutoka chuo kikuu, kijiji kilichinja mbuzi. Alikuwa beberu mnene, na kwa kuwa ugeni ni wa wote, walialikwa wote. Tulikula hadi karibu saa sita, Profesa akiwa amekaa baina ya mwenyekiti na baba mkubwa, akisifia mbavu. Tangazo la kutokula baada ya saa mbili lilikuwepo, lakini mwenye tangazo alikuwa na nyama mkononi, na nani amshike mgeni uongo? Kwa hiyo mbuzi aliyechinjwa kwa heshima yetu ndiye aliyekuwa ndani ya vichupa vyetu, akitutazama.

Hesabu nayo iligoma. Kolesteroli mbaya, ile LDL, maabara nyingi haziipimi moja kwa moja. Huikokotoa kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972, na kanuni hiyo haifai trigliseridi, mafuta yale yale yanayojaa kwenye kilomikroni, zikizidi milimoli 4.5 kwa lita. Baadhi ya wazee wetu walizidi. Siku hiyo wanafunzi walijifunza kanuni inavyoharibika, somo ambalo kwa kweli halikuwa kwenye ratiba.

Njiani kurudi, dereva aliendesha huku akitoa mhadhara. Hoja yake ni ile ya kila mla nyama nchini: mbona Wamasai wanakunywa maziwa na kula nyama na hawapati mshtuko wa moyo? Hoja ina mizizi. George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alikuja huku miaka ya 1960, akawapima wanaume 400 wa Kimasai, akakuta kolesteroli yao iko chini licha ya mlo ule. Ila mwaka 1972 akachapisha uchunguzi wa mioyo ya Wamasai 50 waliofariki: mafuta yalikuwepo kwenye mishipa, isipokuwa mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, na Mann akaamini siri ni mwendo wa miguu. Dereva wetu hutoka kitandani hadi kwenye usukani, na kutoka usukani hadi kwenye kiti cha baa. Nilimweleza hivyo. Akasema hata kukanyaga klachi ni mazoezi.

Mimi nilimtajia utafiti wa Lugalawa, kule Ludewa, uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1996: wanakijiji wa kando ya ziwa waliokula samaki kwa wingi walikuwa na shinikizo la damu la chini zaidi na mafuta ya damu mazuri zaidi kuliko majirani zao wa milimani waliokula mboga na nafaka. Ziwa Jipe si mbali na Kwakoa. Profesa akazinduka usingizini kiti cha nyuma. "Samaki," akasema, "lakini si wa kukaanga." Akalala tena. Tulipofika Mombo alikula wa kukaanga.

Kiporo cha habari hii kilikuja baadaye. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wa mafuta ya damu na wa maabara walitoa tamko la pamoja: kwa kipimo cha kawaida cha lipidi, si lazima mtu afunge. Denmark walikuwa wakifanya hivyo tangu 2009. Ni pale tu trigliseridi zinapotoka juu sana ndipo mtu huweza kuitwa tena akiwa na njaa. Nikampigia baba mkubwa. Akasikiliza hadi mwisho, akakohoa, akaniuliza kesi ya kudai haki ya ugunduzi hufunguliwa wapi, Mwanga au Denmark, na kama ile stakabadhi ingefaa kuwa kielelezo.

Basi, wasomaji wa Kwakoa, Kigonigoni, Toloha na kwingineko, gari letu likija tena, hata likiwa jekundu, njooni mpimwe. Ukiulizwa umekula nini, taja chai, taja na vyote vilivyoisindikiza. Na jamani, safari hii mbuzi tuchinjieni siku ya kuondoka.