Siku Saba za Kuugua

Nilisonya mpaka muuza kahawa akageuka na dele lake mkononi. Tulikuwa kijiweni kwetu Gerezani, hatua chache toka stesheni, na kijana mmoja anayeendesha kirikuu alikuwa ametoa neno lililonichoma: "Wale watu wa reli wa Marekani walikuwa na roho mbaya. Unataka kuisimamisha nchi nzima, kisa siku za kuugua?"

Mfyuu! Kaa hapo, mdogo wangu. Jambo hili nalijua, na siwezi kuliacha lipite hivyo.

Mwaka 2022 wafanyakazi wa treni za mizigo kule, kama watu 115,000 kwenye vyama 12, walikuwa wamevutana na kampuni za reli karibu miaka mitatu bila mkataba mpya. Pesa haikuwa tatizo kubwa. Baraza la kuuchunguza mvutano huo, aliloliunda Rais Biden mwezi wa saba, lilipendekeza nyongeza ya asilimia 24 ndani ya miaka mitano, na nyongeza hiyo wengi waliiona nzuri. Kilichowakaba kooni ni kwamba wengi wao hawakuwa na hata siku moja ya kuugua yenye malipo. Wewe ukipata malaria unakwenda zahanati, daktari anakuandikia ED, bosi ananuna lakini anaipokea. Dereva wa treni yenye urefu wa kilomita tatu, nne, akiamka na homa wakati ule alijiuliza aende vile vile au akose mshahara, tena aadhibiwe juu yake.

Ndiyo, aadhibiwe. Kampuni ya BNSF, mali ya Berkshire Hathaway iliyokuwa ikiongozwa na tajiri Warren Buffett, ilianza mwezi wa pili mwaka huo kuwapa madereva na makondakta wa treni pointi 30 kila mmoja. Ukikosekana kazini ulikatwa. Ili urudishiwe pointi nne, ilibidi uwe tayari kuitwa siku 14 mfululizo, usiku na mchana. Zikiisha, ulisimamishwa. Vyama viwili vilitaka kugoma kwa ajili hiyo, jaji wa Texas akavizuia kabla havijainua mguu.

Ukiuliza kwa nini kampuni zenye faida nono kiasi kile zibanie siku za kuugua, jibu liko kwenye idadi ya watu. Ndani ya miaka kama sita kampuni kubwa zilikuwa zimepunguza karibu asilimia 30 ya wafanyakazi, huku treni zikirefushwa. Hesabu ilipigwa kwa binadamu asiyeugua, asiyefiwa, asiye na mtoto anayekohoa usiku. Wa akiba hayupo. Mmoja akilala kitandani, mzigo unalala njiani. Mfyuu! Halafu lawama inamwangukia aliyelala kitandani.

Septemba ikafika, na mgomo ungeweza kuanza usiku wa kuamkia tarehe 16. Hapo ndipo nchi ile ilipoona reli inabeba nini. Siku kadhaa kabla, kampuni zikaacha kupokea mizigo ya hatari, klorini ikiwemo, maana behewa la sumu haliwezi kuachwa porini bila mtu. Klorini ndiyo inayosafisha maji ya bomba. Treni haijasimama bado, na tayari wahusika wa maji mijini wanahesabu siku zilizobaki kwenye matangi yao. Wafugaji wa kuku wakapiga kelele, kwa sababu mahindi ya kulisha mifugo yanasafiri kwa reli, na kuku hasubiri majadiliano. Amtrak, shirika la treni za abiria, likafuta safari zote ndefu, kwa kuwa nje ya ukanda wa kaskazini mashariki treni zake zinapita zaidi kwenye njia za kampuni za mizigo.

Ungesema mzigo uhamie barabarani. Wewe wa kirikuu unajua vizuri kuliko mimi. Reli inabeba kama asilimia 40 ya mizigo ya masafa marefu kule, na umoja wa kampuni za reli wenyewe ulisema yangehitajika malori ya ziada zaidi ya 460,000 kila siku. Malori hayo yapo wapi, na madereva wake nani?

Umoja huo huo ulikadiria hasara ya mgomo kuwa dola bilioni 2 kwa siku. Sasa weka hapo pembeni hesabu aliyoitoa Seneta Bernie Sanders, kwamba siku saba za kuugua kwa wafanyakazi wote zingezigharimu kampuni dola milioni 321. Kwa mwaka mzima! Mimi ndiyo maana nasonya. Kumbe walijua fika mtu huyu akikaa nyumbani siku moja nchi inapoteza bilioni, na badala ya kusema basi tumtunze, wakaitumia bilioni hiyo hiyo kumziba mdomo.

Wakakesha mezani na waziri wa kazi, yakapatikana makubaliano tarehe 15. Madereva na makondakta waliongezewa siku moja ya mapumziko yenye malipo, na ruhusa ya kwenda kupimwa afya mara tatu kwa mwaka bila malipo na bila adhabu, mradi iwe Jumanne, Jumatano au Alhamisi, na watoe taarifa siku 30 kabla. Siku 30! Vyama vinane vikakubali, vinne vikakataa, na hivyo vinne vilikuwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote.

Basi, ili mgomo usitokee, Bunge likaingia kati. Baraza la Wawakilishi likapitisha mkataba kwa nguvu, na kwa kura nyingine, 221 kwa 207, likapitisha siku saba za kuugua. Seneti ikaukubali mkataba. Siku saba zikapata kura 52 dhidi ya 43, na zilitakiwa 60. Tarehe 2 Desemba Biden akatia sahihi. Kugoma kukawa kosa.

Babu mmoja hapo kijiweni, fundi wa njia mstaafu, alikuwa kimya muda wote. "Baba yangu alikuwemo kwenye mgomo wa reli wa 1960," akasema. "Siku 82. Tulikula muhogo mpaka tukauchukia. Uhuru tukaupata, na mwaka 1962 ikaja sheria ya kuubana mgomo." Hakuongeza neno, na hakuna aliyemkatiza.

Kijana wa kirikuu akashusha kikombe. "Sasa hizo siku walizipata?"

Walizipata, baadhi yao. Februari 2023 kampuni ya CSX ilikubali siku nne za kuugua zenye malipo kwa vyama viwili. Kampuni nyingine zikafuata, na kufikia katikati ya mwaka zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa nazo. Mambo yaliyoshindikana Desemba yaliwezekana miezi miwili baadaye, na hakuna kampuni iliyofilisika.

"Na yule wa njia?" babu akauliza. "Yule wa kubadilisha mataruma juani, naye alikumbukwa?"

"Alikuwa kwenye vyama viwili vya kwanza, babu."

Akanyoosha kikombe chake kwa muuza kahawa.