Ubao wa Mgeni

Wanaosema ubao wa nyama baridi na jibini ni gharama hawajapiga hesabu. Mgeni wa Kitui akichinjiwa mbuzi hushiba, hulala, na kesho hurudi na nduguze. Akitandikiwa vipande sita vya soseji, jibini ya kuonjeshwa na zabibu za Afrika Kusini kwenye ubao wa kukatia vitunguu, huaga jua lingali juu. Unafuu ulioje! Atazuka mbishi: na asali ya Mwingi? Na maembe ya Makueni, yaliyojengewa kiwanda kizima kule Kalamba? Jamani, hivyo mgeni anavyo kwake. Heshima iko wapi? Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa mbaazi, ndio kabisa: watu huula moto, kabla hata simu haijatolewa mfukoni kuupiga picha.